"Breki zimefeli": kauli moja, magonjwa manne

Ajali ikitokea mteremkoni na dereva akasalimika, maneno yake ya kwanza kwa trafiki huwa yale yale: "Afande, breki zimefeli." Trafiki anaandika, abiria wanaitikia, jioni redio inarudia, na habari inaishia hapo, kana kwamba breki hufa ghafla kama balbu ya sebuleni. Fundi anayeijua kazi yake hataridhika na jibu hilo. Atauliza: pedeli ilikuwaje mguuni? Ilikuwa ngumu kama jiwe? Ilizama hadi sakafuni? Ilibonyea kama sponji? Maana "kufeli" ni jina moja walilopewa wagonjwa wanne tofauti, na kila ugonjwa humpa dereva taarifa kupitia unyayo wake, mara nyingi dakika kadhaa kabla ya hatari yenyewe kufika.

Nitatumia barabara ya Mombo kwenda Lushoto kama mfano, kwa sababu naijua na kwa sababu iliwahi kuniaibisha. Ni kilomita zipatazo 33 za kona zilizochongwa ubavuni mwa milima ya Usambara, na kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 900 za kimo. Msomaji wa Iringa aweke Kitonga mahali pake. Wa Nairobi aweke mteremko wa Mai Mahiu.

Chukua gari dogo la kawaida, watu wanne ndani, viroba viwili vya viazi nyuma, jumla kilo 1,350 hivi. Likiwa Lushoto gari hilo limebeba nguvu kwa sababu tu liko juu: ni petroli uliyoichoma wakati wa kupanda, imegeuka kimo. Likishuka, nguvu hiyo haipotei hivi hivi, lazima igeuke kitu kingine, na kitu hicho ni joto. Ukipiga hesabu, inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Upepo unaopigana na gari, pamoja na matairi yanayojikunja na kujikunjua barabarani, huchukua sehemu yao, tuwape nusu. Inabaki ndoo moja inayotokota, na mtu wa kuibeba hajapatikana.

Madereva wengi huwatwisha diski, zile sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu, na pedi zinazozibana. Sasa angalia ukubwa wa mbebaji. Diski mbili za mbele za gari la namna hiyo ni vipande vya chuma vya kilo chache kila kimoja, na pedi zake ni ndogo kuliko kiganja. Za mbele ndizo hufanya kazi kubwa, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito wake huinamia mbele na magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi. Joto lote lile lingeingia kwenye diski hizo bila upepo wa kuzipoza, zingeiva nyekundu kama jembe kwenye moto wa mhunzi. Kinachotuokoa ni kwamba zinapoa huku zinapata moto. Shida huanza pale zinapopata moto haraka kuliko zinavyopoa, na hapo mwendo ndio mwamuzi: ukishuka kwa kasi maradufu, joto lile lile unalimwaga kwa nusu ya muda.

Kabla ya kuwapima wagonjwa, tufuate nguvu ya mguu ilivyo. Unakanyaga pedeli, busta, lile bakuli jeusi la duara nyuma ya injini, linaongezea mguu wako nguvu kwa kutumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, masta silinda inasukuma mafuta ya breki kwenye mipira na vibomba, mafuta yanasukuma pistoni za kalipa, kile kibano kinachoikumbatia diski, pistoni zinabana pedi kwenye diski. Mlolongo mzima unategemea sifa moja ya kimiminika: hakibonyei. Ukikisukuma huku, kinasukuma kule.

Mgonjwa wa kwanza ni pedi iliyoungua. Pedi si kipande cha chuma kitupu; ni mchanganyiko wa unga wa madini, nyuzi na vipande vya chuma, vyote vimeshikwa pamoja na gundi ya resini. Ikipata joto kupita kiasi, gundi huanza kutoa gesi na pedi inateleza juu ya diski badala ya kuishika. Mguuni utahisi pedeli iko juu, imekaza, ya kawaida kabisa, ila gari halipungui. Unakanyaga zaidi, bado. Harufu huwa imetangulia: kali, kavu, kama plastiki na nywele vimetupwa motoni pamoja. Wenye abiria wengi huambiwa na abiria wa nyuma, na aibu yetu madereva ni kwamba hujibu, "Hilo ni lori la mbele." Wakati mwingine kweli ni lori la mbele. Ugonjwa huu una nafuu moja, pedi zikipoa breki hurudi, ingawa zikiungua sana uso wake hung'aa kama kioo na hazishiki tena vizuri mpaka zibadilishwe.

Wa pili ndiye mwenye hila, na ndiye asiyezungumzwa gereji. Mafuta ya breki, ambayo mafundi huyaita breki fluidi, si mafuta kama ya injini. Ni kemikali ya jamii ya glaikoli inayopenda maji. Hunyonya unyevu wa hewani taratibu, kupitia mipira na kupitia tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko cha kopo lake, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo viwango vyake vimewekwa kwa namba mbili: yakiwa makavu na yakishanyonya maji. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji ya asilimia 3.7 kiwango kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230, ikichakaa 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Namba hizo utazikuta zimefupishwa kwenye kifuniko cha kopo, pale palipoandikwa DOT 3 au DOT 4, na ndizo za kufuata. Angalizo moja: DOT 5 bila ile nukta moja ni silikoni, kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizo nyingine.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani mafuta kuchemka? Ubaya ni mapovu. Mvuke, tofauti na kimiminika, hubonyea. Joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta yaliyo ndani ya kalipa. Yakichemka, nguvu yote ya mguu wako inaishia kuyafinya mapovu na hakuna kinachofika kwenye pedi. Pedeli inakuwa laini, halafu inashuka, halafu inagusa sakafu. Na tofauti na mgonjwa wa kwanza, huyu anaweza kukusubiri usimame. Umeshuka mlima wote salama, umeegesha Mombo kununua maji, upepo uliokuwa ukipoza diski umekatika, joto lililobaki kwenye chuma linahamia kwenye kalipa, mafuta yanachemka gari likiwa limetulia. Unaliwasha uondoke, mguu unakuta hewa.

Kwa nini nasema huyu ana hila? Kwa sababu magari ya siku hizi yamejengwa na mifumo miwili ya mafuta ndani ya masta silinda moja, kwa makusudi, ili mpira mmoja ukipasuka nusu ya breki ibaki. Kuchemka hakujali mpangilio huo. Magurudumu yote mawili ya mbele yameshuka mlima mmoja, yamepata joto moja, na yana mafuta ya umri mmoja. Kinga iliyobuniwa dhidi ya kuvuja haikingi hapa.

Kuvuja ndiye mgonjwa wa tatu, na simmalizii maneno mengi. Mpira ukipasuka au kibomba kikioza kwa kutu, pedeli inazama kuliko kawaida, gari linasimama kwa shida, labda linavuta upande mmoja, na taa nyekundu ya breki inawaka. Aina yake ya siri ni ile isiyoacha tone chini ya gari: mipira ya ndani ya masta silinda imechoka, mafuta yanarudi nyuma humo humo. Dalili utaipata kwenye taa za barabarani. Umesimama, umekanyaga breki kwa utulivu, na pedeli inazama polepole chini ya mguu kama mtu anayesinzia. Hiyo si ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Wa nne ni busta, na mara nyingi dereva mwenyewe ndiye humuua kwa mkono wake, kwa kuzima injini mteremkoni. Injini ikizimika mvuto wa hewa unakoma. Busta huwa na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga ngazi ya saruji. Breki zipo, ila sasa unasukuma kwa nguvu ya paja lako peke yake, na usukani nao umekuwa mzito. Kulipima busta hakuhitaji fundi. Gari limesimama mahali tambarare, injini imezimwa. Kanyaga breki mara tano sita mpaka pedeli ikaze, iache imekanyagwa, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo yenyewe, busta ni zima. Isiposogea, lina tatizo.

Sasa turudi kwenye ile ndoo. Mbebaji mwenye kifua kuliko wote ndani ya gari ni injini, ambayo ina rejeta, maji na feni kwa kazi hiyo hiyo ya kumwaga joto. Gari likiwa kwenye gia ndogo na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inakataa, inavuta nyuma. Kelele inayopanda ndiyo sauti ya kazi hiyo. Watu huiogopa, wanadhani injini inaumia. Ilimradi mshale wa mizunguko haujagusa eneo jekundu, haiumii.

Hapa ndipo penye uongo mkongwe wa kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Zama za kabureta kulikuwa na ukweli ndani yake, na madereva waliojifunza wakati huo wakafundisha wenzao, wenzao wakatufundisha sisi. Lakini gari la sindano za umeme, yaani karibu kila gari dogo linalotoka Japani leo, likishuka kwenye gia huku hujakanyaga mafuta, kompyuta yake hufunga petroli kabisa. Magurudumu yanatosha kuizungusha injini. Ukiweka nyutro, magurudumu yameachana na injini, kwa hiyo lazima ipewe petroli isizime. Nyutro ndiyo inayokula. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata sifa mbaya kwa malori yanayoteremshwa hivyo, na ubaya wake kwa lori ni mkubwa zaidi: likishapata kasi likiwa nyutro, kuirudisha gia ikubali ni bahati nasibu.

"Mimi gari langu ni otomatiki, halina gia." Linazo. Tazama chini ya D: kuna 2 na L, au 3, 2 na L. Magari mengi ya zamani kidogo yana kitufe cha O/D ubavuni mwa mkono wa gia. Ukikibonya taa ya O/D OFF inawaka, na gia ya juu kabisa imefungiwa, hiyo ni hatua ya kwanza. Magari ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, huweka herufi kama S, B au L, na haibridi za Toyota, zile za petroli na umeme, zina B. Ile B watu wengi wameimiliki miaka mitano bila kuigusa. Ni kwa ajili ya mteremko: inaiita injini isaidie, hasa betri ikishajaa na haiwezi tena kupokea umeme wa kupunguza mwendo. Kitabu cha gari kinaeleza yote haya, kwa bahati mbaya kwa Kijapani.

Mimi nililijua hili nikiwa na miaka mingi ya leseni. Mwaka 2021 nilishuka kutoka Lushoto na gari nililokuwa nimelinunua miezi minne kabla, D mwanzo hadi mwisho, mguu ukiegemea breki kama mtu aliyeegemea ukuta. Baada ya Soni nikanusa. Nikamlaumu mwenye lori. Tulipoingia Mombo pedeli ilikuwa laini, ikashuka robo tatu ya safari yake kabla ya kushika, nikaegesha karibu na wauza matunda huku moshi mwembamba unatoka kwenye rimu ya mbele kushoto. Kijana mmoja akaja na kidumu cha maji tayari kumwagia, kwa nia njema. Mzee aliyekaa kwenye benchi akamzuia.

"Acha, utaipinda diski."

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepanda juu kwa gia gani, mwanangu?"

Nikamwambia otomatiki, nadhani ya pili sehemu kubwa, maana injini ilikuwa inalia.

"Na kushuka?"

Sikujibu. Akacheka kidogo, akasema alikuwa dereva wa lori la mbao, na kwamba wao waliambiwa mlima unashukwa kwa gia uliyopandia. Kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Alichosema kuhusu maji ni sahihi: chuma chenye moto mkali kikipozwa ghafla upande mmoja hujipinda au kupata ufa, na kuanzia siku hiyo usukani utatetemeka kila ukifunga breki. Gari liachwe lipoe lenyewe, na lishikiliwe kwa P au gia pamoja na jiwe nyuma ya tairi. (Jiwe hilo liondolewe ukiondoka. Mawe mangapi ya wenzetu tumeyakuta katikati ya lami usiku!)

Kuhusu namna ya kukanyaga, kuna ubishi usioisha: kugusa-gusa kidogo muda wote, au kukanyaga sawasawa kwa muda mfupi na kuachia. Mimi ni wa kundi la pili, kwa sababu ukiachia unapata nafasi ya kusikia pedeli inaporudi ikoje, na unajua kama gia peke yake inatosha. Lakini tusidanganyane, mwendo wa wastani ukiwa ule ule, joto la jumla ni lile lile. Kinachopunguza mzigo kweli ni gia ndogo iliyowekwa kabla mteremko haujaanza, na mwendo mdogo.

Na ikishatokea? Pedeli ikizama, ipampu haraka haraka. Mapovu au hewa vikibanwa mara kadhaa huweza kujenga nguvu ya kutosha kushika. Pedeli ikiwa juu na ngumu lakini gari halisimami, na injini inanguruma, hizo ni pedi zilizoungua, kupampu hakutasaidia. Kwa hali zote mbili shusha gia hatua kwa hatua, washa hazadi, piga honi, vuta handibreki taratibu huku kitufe chake umekibonyeza ili uweze kuilegeza magurudumu ya nyuma yakianza kuburuzika. Usizime injini. Usiweke nyutro. Na kama ni lazima kugusa kitu, ukuta wa mlima kwa ubavu wa gari ni bora kuliko upande wa bonde.

Nyumbani, kuna jambo moja ambalo gereji nyingi hukosea kwa wema. Pedi zikiisha, pistoni hutoka nje zaidi, mafuta yanajaza nafasi hiyo, na kopo linaonekana limepungua. Taa ya breki inawaka, ile ile inayowaka ukisahau handibreki. Fundi anajazia, taa inazima, mteja anashukuru. Hakuna aliyetazama pedi. Kupungua kwa mafuta kulikuwa ujumbe, na ujumbe umefutwa. Kwa hiyo kopo likipungua, gurudumu lifunguliwe kwanza: pedi mpya nyingi huwa na unene wa milimita 10 hivi, zikikaribia 3 zimetosha. Nyingi zina kibati kidogo kinachopiga kelele kali kwenye diski zikifika mwisho. Kelele hiyo si vumbi.

Mafuta yenyewe watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, yote, kwa kutoa upepo gurudumu kwa gurudumu mpaka yatoke safi; kujazia juu ya ya zamani hakuondoi maji yaliyokwisha kuingia. Yanunuliwe kwenye chupa iliyofungwa, si iliyokaa wazi rafu ya gereji tangu Krismasi. Mafuta ya injini au ya gia yasiguse kopo hilo kamwe: mipira itavimba, na kuanzia hapo utabadilisha mfumo mzima.

Fundi wa Korogwe aliyenifungulia yangu siku ile alipokea kwenye chupa ya plastiki kitu chenye rangi ya chai iliyolala. Akaniuliza yalibadilishwa lini. Sikujua. Chini ya boneti palikuwa na stika ndogo ya Kijapani, maandishi sikuyaelewa, ila namba zilisomeka: 25.6. Tukadhani ni tarehe 25 Juni, tukafurahi kidogo. Baadaye simu ikanitafsiria. Iliandikwa mafuta ya breki, mwezi wa sita, mwaka wa 25 wa zama za Heisei, yaani 2013.